Seli za kinga zinapokosa chakula ndani ya uvimbe

Ndugu za wagonjwa huniuliza mara kwa mara: kama saratani inapenda sukari, kwa nini tusimkatie mgonjwa sukari ili uvimbe ufe njaa? Swali lina msingi. Katika miaka ya 1920, huko Berlin, Otto Warburg aligundua kwamba uvimbe hula glukosi kwa pupa na kuigeuza asidi laktiki hata penye oksijeni ya kutosha. Kipimo cha PET kinachoonyesha saratani ilikojificha hutegemea ulafi huohuo.

Ila uvimbe hauli peke yake. Seli T, zile zinazoua seli za saratani, zikishaamshwa nazo hutaka glukosi nyingi ili zizaane haraka na kutengeneza silaha kama intaferoni gama. Mwaka 2015, watafiti Marekani walionyesha kwa panya kwamba glukosi ikipungua ndani ya uvimbe, seli hizo hulegea. Zinakuwapo pale pale, zimegusana na adui, na hazimuui.

Mimi asidi ndiyo hunitia wasiwasi zaidi. Seli T inayofanya kazi lazima itoe nje lakteti yake, yaani ile asidi laktiki. Nje kukishajaa lakteti ya uvimbe, ile ya ndani ya seli haitoki. Hurundikana ndani na kuizuia seli kufanya kazi. Wakati huohuo seli T dhibiti, ambazo kazi yake ni kutuliza kinga, huweza kuitumia lakteti hiyohiyo kama chakula.

Kisha mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walipima, katika vivimbe vya panya, nani hasa anakula nini. Kwa kila seli, waliovuta glukosi nyingi zaidi walikuwa seli nyingine za kinga, hasa makrofaji, zile zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli. Seli za saratani ziliongoza kwa glutamini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini.

Basi kuacha sukari kwenye chai hakuufishi uvimbe njaa. Ini litaendelea kutengeneza glukosi, na mgonjwa aliyekwisha kukonda atazidi kudhoofu. Nawasihi msimnyime chakula.

Matumaini yangu yako kwenye glutamini. Mwaka 2019, watafiti wa Johns Hopkins waliwapa panya dawa ya kuzuia matumizi yake, JHU083. Seli za saratani zilikwama, asidi ikapungua, na seli T zikabadili njia ya kupata nishati, zikapigana kwa nguvu zaidi kuliko awali.