Reflaksi: kinachorudi chini ndicho kinachosafisha spiriti

Reflaksi ni mvuke uliofika juu ya mnara wa kukeneka, yaani bomba lililosimama juu ya pipa la kuchemshia ambamo kileo hugeuzwa mvuke kisha hupozwa, ukapozwa ukawa majimaji, kisha ukaachwa ushuke tena ndani ya mnara badala ya kutolewa nje. Mtu akiona bomba refu limesimama juu ya pipa hudhani urefu ndio unaofanya kazi. Bomba refu lisilorudisha kitu halikupi tofauti kubwa na bomba fupi. Kazi inafanywa na kile kinachoshuka.

Tuanze na pipa lenyewe. Kangara, yaani pombe mbichi ambayo bado haijakenekwa, iliyochacha vizuri huwa na alkoholi kama asilimia 10 kwa ujazo, na iliyobaki karibu yote ni maji. Maji huchemka kwa nyuzi 100, alkoholi kwa nyuzi 78 na ushei. Kutokana na hapo wengi huamini kwamba ukilishika pipa kwenye nyuzi 78, alkoholi itapanda peke yake na maji yatabaki. Sivyo. Mchanganyiko huchemka kwa joto lake wenyewe, na vyote viwili hupanda pamoja, ila alkoholi hupanda kwa wingi zaidi. Mvuke wa kangara hiyo huwa na alkoholi zaidi kidogo ya nusu. Upoze, uchemshe upya yale majimaji, na mvuke wake utafika kama asilimia 80. Rudia tena, utakaribia 90. Ndiyo sababu wapishi wa wiski wa Uskoti kwa kawaida hukeneka mara mbili, na wa Ireland mara nyingi hukeneka mara tatu.

Mnara wa reflaksi hufanya marudio hayo yote ndani ya bomba moja, kwa moto mmoja. Ndani ya bomba hujazwa kitu chenye uso mwingi na nafasi nyingi za hewa: nyavu za shaba, nyuzi za chuma kisichoshika kutu, au vile vipande vifupi vya mrija viitwavyo pete za Raschig. Majimaji yanayorudi kutoka kwenye kipoza, kifaa cha kupoza mvuke kileleni, hutambaa juu ya ujazo huo yakielekea chini, na mvuke hupita katikati yake ukielekea juu. Vinapogusana hubadilishana. Sehemu ya mvuke wa maji huganda, yaani hurudi kuwa majimaji, na kuachia joto lake, na joto hilohilo hurusha alkoholi iliyokuwa ikishuka. Hivyo kila kipande cha mnara ni mtambo mdogo usiohitaji moto wa kwake. Maji husukumwa chini, alkoholi husukumwa juu, na kadiri kipande kilivyo juu zaidi ndivyo kilivyo na alkoholi nyingi zaidi.

Hapa ndipo uwiano wa reflaksi unapoingia, yaani kiasi unachorudisha kikilinganishwa na kiasi unachochukua. Kilowati 1 ya joto huinua mvuke wa takriban lita 5 za spiriti kwa saa. Tuseme mtambo wako unainua lita 6 kwa saa na unataka uwiano wa 5 kwa 1: lita 5 zinarudi mnarani, lita 1 inaingia chupani. Ukiwa na pupa ukachukua lita 3, spiriti itatoka haraka lakini maji yatapanda nayo, kwa sababu kinachoshuka hakitoshi kuyazuia. Mwanzoni mpishi mwangalifu hachukui kitu kabisa. Hurudisha vyote kwa muda, mpaka mnara ujipange na joto la juu litulie.

Joto hilo la juu ni habari tu. Kipimajoto hukuambia kilichofika kileleni, huwezi kukiamuru. Kikisoma karibu na nyuzi 78 na kutulia, pale juu kuna alkoholi karibu tupu. Kikianza kupanda, maji yamekaribia. Hata hiyo 78 ni ya usawa wa bahari, kwa mtu wa Tanga au Mombasa. Nairobi, karibu mita 1,800 juu, hesabu pungufu ya nyuzi 5 hivi.

Katika mitambo ya nyumbani, kama ile ya New Zealand ambako kukeneka kwa matumizi yako mwenyewe kumeruhusiwa tangu 1996, bomba la milimita 50 lenye ujazo wa kama mita moja ni la kawaida sana. Miundo ya zamani ilipitisha vibomba vya maji baridi ndani ya mnara ili kulazimisha mvuke ugande. Mimi siuoni kuwa muundo mzuri, kwani hujui ni kiasi gani kinarudi. Ule wenye kipoza juu na vali ndogo ya kugawa majimaji unakuonyesha kila tone. Mnara ufungwe kitambaa cha kuzuia joto, maana upepo ukiupiga ubavuni hugandisha mvuke mahali usipotaka. Moto nao usizidi. Mvuke ukienda kasi mno huyazuia majimaji yasishuke, mnara hufurika, na usafishaji hukoma papo hapo.

Kileleni lazima pawe na tundu lililo wazi kwa hewa, wakati wote. Mtambo uliozibwa ni bomu, na mvuke wa spiriti huwaka kwa cheche ndogo. Maungio ya mabomba yasichomelewe kwa lehemu yenye madini ya risasi.

Kanuni hii si ya vileo tu. Mnara wa kusafishia mafuta ghafi wa Changamwe, Mombasa, uliofanya kazi tangu 1963 hadi 2013, ulitegemea reflaksi vilevile. Lakini ina ukomo wake. Alkoholi ikifika karibu asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke na majimaji huwa na mchanganyiko uleule, na hata mnara wa ghorofa kumi hautasogeza zaidi. Viwanda vinavyotaka spiriti kavu ya kuchanganya na petroli hunyonya maji yaliyobaki kwa chembe za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno.

Na mnara hauponyi sumu. Methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, huchemka kwa nyuzi 64.7, lakini ikiwa ndani ya mchanganyiko haitoki yote mwanzoni, kwa hiyo kumwaga tone za kwanza si kinga kamili. Waliokufa na kupofuka nchini Kenya mwaka 2014 walikunywa vileo vilivyotiwa methanoli. Kenya iliruhusu chang'aa mwaka 2010 kwa wenye leseni pekee, na Tanzania gongo bado ni kosa la jinai, liwe limepikwa kwa mnara au kwa chungu.