Wa PES na wa eFootball: tunachogombania ni nini hasa

Kila Konami, kampuni ya Kijapani, wanapoanza msimu mpya wa eFootball, gemu yao ya mpira iliyochukua nafasi ya PES, mabishano huwaka upya. Upande mmoja wapo waliokulia PES kwenye PlayStation 2. Wanataka gemu ya kununua, yenye Master League (sehemu ya kuongoza timu yako msimu baada ya msimu), inayochezwa sebuleni bila intaneti. Upande wa pili ni vijana walioikuta eFootball kwenye simu, bure, na hawaelewi kwa nini kaka zao wanalilia diski. Mimi naandika programu zinazoendesha miondoko ya wahusika kwenye gemu, na nadhani pande zote mbili zinaumizwa na kitu kimoja, ila kila upande unakiita kwa jina lake.

Nianze na uchezaji, maana hapo ndipo kelele ilipo kubwa. Wakongwe husema PES 6 ya mwaka 2006 ilikuwa nyepesi mkononi na eFootball ni nzito. Wanasema kweli. Gemu inayochora fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, kila fremu hudumu milisekunde 16 na ushee. Ukibonyeza kitufe cha shuti, programu kwanza huangalia mchezaji amefika wapi katika hatua zake: mguu upi uko chini, mwili umeegemea upande gani. PES 6 ilikuwa na miondoko michache na mifupi, na haikuogopa kuukata mwondoko katikati ili imtii mwenye padi. Miguu ikiteleza kidogo juu ya nyasi, nani angeona kwenye televisheni ya kichogo?

Kwenye skrini za leo mtelezo huo unaonekana waziwazi. Kwa hiyo watengenezaji huuacha mguu utue kwanza, na miondoko iliyonaswa kutoka kwa wanasoka halisi ni mirefu. Ukisubiri fremu 5 tu, milisekunde zaidi ya 80 zimeshapita, na kidole kinalijua hilo kabla ya jicho.

Konami walipohamia Unreal, injini (programu ya msingi inayoendesha gemu), mwaka 2021 walitangaza mfumo uitwao Motion Matching, wakasema miondoko imeongezeka zaidi ya mara 4. Katika mfumo wa aina hii hakuna mtu anayekaa kupanga mwondoko upi ufuate upi. Kila baada ya muda mfupi sana programu hupekua hifadhi nzima na kuchagua kipande kinachofaa zaidi kwa mambo mawili: mkao wa mwili wakati huo, na kule anakotaka kwenda mwenye padi. Kila jambo hupewa uzito wake. Ukiuongeza uzito wa mkao, mchezaji anapendeza kumtazama lakini anachelewa kugeuka. Ukiuongeza uzito wa amri, anatii upesi na miguu inaanza kuteleza tena. Ni namba zinazopangwa na watu, na zinaweza kupangwa upya. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ule wepesi umekufa na hautarudi.

Na tumeona mambo yakirekebishwa. eFootball ilipotoka tarehe 30 Septemba 2021 ilikuwa na klabu 9 tu za kuchezea, nyuso za wachezaji zimeharibika, na kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikawekwa miongoni mwa gemu zilizopata tathmini mbaya kuliko zote. Konami waliomba radhi hadharani. Toleo la 1.0 la Aprili 2022 lilikuwa na nafuu kubwa.

Suala la jina nitalipita haraka. Wapo wanaoamini kwamba jina la PES likirudi, mambo yatakaa sawa. EA, wapinzani wa Konami waliokuwa wakiuza gemu iitwayo FIFA, walipoteza jina hilo, wakaanza kuuza EA Sports FC mwaka 2023, na gemu yao haikuyumba. FIFA wenyewe mwaka 2024 wakashirikiana na Konami kwenye FIFAe World Cup, mashindano ya gemu za mpira. Jina halikuwa tatizo kwa yeyote kati yao.

Tatizo lipo kwenye namna gemu inavyoingiza pesa. eFootball ni bure kwa sababu wachezaji wake ni kadi, na kadi nzuri hupatikana kwa bahati nasibu unayoilipia sarafu. Gemu ya namna hiyo ni lazima ihifadhi kila kitu kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zinazofikiwa kwa intaneti, la sivyo mtu angejitengenezea Messi wake nyumbani. Hapo ndipo Master League inapobanwa. Ndani yake kijana wa miaka 17 unayemlea kwa misimu kadhaa anaweza kuwa bora kuliko nyota yeyote, bila kadi na bila sarafu. Konami walisema itakuja kama nyongeza ya kulipia, wakautaja mwaka 2023. Mwaka huo ukapita bila hiyo nyongeza.

Kijana wa simu naye amebanwa palepale. Hata akitaka kucheza dhidi ya timu inayoendeshwa na gemu yenyewe tu, akiwa kwenye daladala au kijijini mtandao unakosumbua, gemu inataka intaneti. Bando likiisha, na mpira umeisha. Yeye analalamikia mtandao, mkongwe analalamikia Master League, na wote wawili wanaomba mechi isiyotegemea seva ya mtu mwingine. Kinachonisikitisha ni kuwaona wakidharauliana wakati ombi lao ni moja.

Kiufundi, ombi hilo halihitaji miujiza. Injini ipo, gemu yenyewe tayari inajua kucheza dhidi yako, na kuhifadhi msimu wa ligi kwenye simu au konsoli ni kazi ndogo ukilinganisha na kuendesha mechi za mtandaoni. Ningependa Konami wauze toleo moja la kulipia mara moja, likae kando ya lile la bure, na kadi zibaki kwa wanaozipenda.

Kizuizi cha kweli ni leseni. Mikataba ya majina na jezi ina mwisho wake, na kampuni haipendi kuuza kitu ambacho mkataba wake utaisha. Lakini PES iliishi na tatizo hilo miaka mingi. Liverpool ilikuwa Merseyside Red, Manchester City ilikuwa Man Blue, na mashabiki wenyewe wakarekebisha jezi na majina. PES 2014 ndiyo ilikuwa ya mwisho kutolewa kwa PlayStation 2, lakini baada yake mafundi wa pachi (marekebisho yanayotengenezwa na mashabiki) waliendelea kuziingiza timu mpya kwenye diski za zamani, na vibanda vya gemu vikaendelea kupata wateja.

Na ile timu unayoanza nayo Master League, Ivarov golini, Minanda katikati, Castolo mbele, ni watu wa kubuni wa Konami wenyewe. Kuwarudisha hakuhitaji saini ya klabu yoyote.