Samaki wa Antaktika na barafu wanayoishi nayo mwilini

Nikitaja kwamba kazi yangu ni fiziolojia ya samaki wa maji baridi, swali huwa moja: kwani hao wa Antaktika wana damu moto? Hawana. Katika McMurdo Sound, ghuba ya Antaktika, bahari hukaa karibu na nyuzi 1.9 chini ya sifuri kwa sehemu kubwa ya mwaka, na damu ya samaki wa huko ina baridi hiyohiyo. Damu ya samaki wengi wa baharini ina chumvi kidogo kuliko maji wanamoogelea, kwa hiyo huganda mapema, kwenye nyuzi 0.7 au 0.8 chini ya sifuri. Kwa hesabu hiyo, McMurdo isingekuwa na samaki hata mmoja.

Mtafiti Arthur DeVries alianza kulifuatilia jambo hili miaka ya 1960. Chumvi iliyomo katika damu yao, ingawa ni nyingi kidogo kuliko ya samaki wengine, ilieleza sehemu tu ya ustahimilivu ule. Sehemu iliyobaki ilitokana na glikoprotini, yaani protini iliyobeba sukari: asidi za amino tatu, yaani alanini, alanini na treonini, zinazojirudia kuanzia mara 4 hadi 50 hivi, huku kila treonini ikibeba sukari mbili. Basi. Sijui protini nyingine yenye kazi kubwa namna hii na umbo la kuchosha kiasi hiki.

Inavyofanya kazi ndipo penye utamu. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda kwa wingi wake tu; ukitaka zaidi, ongeza zaidi. Protini hizi ni chache mno kwa hesabu ya namna hiyo, lakini nguvu yake inazidi matarajio kwa mamia ya mara, kwa sababu hazihangaiki na maji. Zinaisaka barafu yenyewe. Zinanata juu ya uso wa fuwele changa na hazibanduki, hivyo barafu hubaki na nafasi ndogondogo za kukulia, ikivimba kati ya protini na protini kama kitambaa cha kochi kati ya vifungo vyake. Uso uliovimba hivyo hauyashiki maji vizuri, na fuwele husimama kukua mpaka baridi izidi sana. James Raymond na DeVries waliyaeleza haya mwaka 1977. (Unilever imetumia protini ya kundi hili, ya samaki wa Atlantiki ya Kaskazini, kwenye aiskrimu. Huzalishwa na hamira, samaki haguswi.)

Kwa hiyo barafu haizuiwi kuingia. Samaki wa baharini lazima anywe maji, na maji ya McMurdo yana fuwele ndani yake, kwa hiyo utumbo ndio mlango ulio hatarini zaidi. Ndiyo maana kongosho la samaki hawa humwaga protini hiyo moja kwa moja kwenye utumbo. Mwaka 1997 Christina Cheng na wenzake walionyesha kwamba jeni yake ilizaliwa kutokana na jeni ya tripsinojeni, ambayo ni malighafi ya kimeng'enya cha kongosho. Upande wa pili wa dunia, samaki wa jamii ya kodi (cod) wa Aktiki wana protini inayokaribia kufanana kabisa na hiyo, lakini jeni yao ina asili nyingine.

Wengine hawahitaji ulinzi wa mwaka mzima. Aina moja ya gayogayo wa pwani ya mashariki ya Kanada na Marekani hutengeneza protini yake, ya muundo tofauti, majira ya baridi yakikaribia, kisha huipunguza. Wa Antaktika hawana likizo hiyo. Wengi wao hata figo zao hazina vile vichujio vya kawaida, na hivyo protini haipotei kwenye mkojo.

Lakini kinachoshika barafu isikue huishika pia isiyeyuke. Fuwele zilizokwisha kuingia hukusanyika hasa kwenye wengu, zikiwa zimevikwa protini. Mwaka 2014 Paul Cziko, Cheng, DeVries na wenzao waliripoti kwamba barafu ndani ya samaki hawa ilibaki barafu hata walipopashwa joto hadi nyuzi 1 hivi juu ya kiwango ambacho ingepaswa kuyeyuka. Kiangazi cha McMurdo hupandisha joto la maji kidogo tu, na joto hilo haliaminiki kuwaondolea barafu hiyo.