Presha ya oili kwenye Volkswagen Beetle ya zamani, inayopozwa kwa hewa: yanayosemwa gereji na yaliyomo ndani ya injini

"Presha ikishuka, funga pampu kubwa." Maneno haya yamewamalizia watu pesa. Pampu kazi yake ni kusukuma oili. Presha hupatikana pale oili inapobanwa kati ya krenki (shafti kuu ya injini) na beringi zinazoishikilia. Beringi zikilika, oili inachuruzika ovyo, na taa ya onyo la oili huanza kuwaka injini ikishapata moto. Kumbuka pia kwamba injini ya Beetle inabeba lita 2.5 tu. Pampu kubwa kupita kiasi hupeleka oili kwenye vifuniko vya valvu haraka kuliko inavyowahi kurudi chini, na ukikata kona kali pampu inanyonya hewa.

Pampu yenyewe ipimwe, isihukumiwe kwa kukisia. Ondoa kifuniko na gasketi, laza rula ya chuma juu ya gia, pitisha kati yake fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.1. Ikipenya, pampu imekwisha. Niliwahi kufungua pampu mpya, gia zinang'aa, lakini presha hakuna. Kumbe gasketi ya kifuniko ilikatwa kwenye boksi la katoni, nene mara kadhaa kuliko ile karatasi nyembamba ya kiwandani. Nafasi juu ya gia ikazidi, ikashindwa kunyonya.

"Injini kuukuu inataka oili nzito." Beetle haina rejeta ya maji, kwa hiyo oili nayo inapoza. Ikiwa nzito mno hufungua valvu ya kupunguza presha na kukwepa kipoza oili kwa muda mrefu kuliko inavyopaswa. Geji inasoma juu, huku beringi zinapata kidogo.

"Bloku ikioshwa kwa petroli inatosha." Haitoshi hata kidogo! Chenga za chuma hujificha nyuma ya vizibo vya njia za oili. Vitobolewe, brashi ndefu ipite, kompresa ipulize, kisha ukate hesi (mistari ya skrubu) kwenye matundu na kufunga vizibo vya skrubu.

"Taa imezima, tuko salama." Taa hiyo huzima presha ikiwa bado chini ya nusu baa. Funga geji, mafundi wengi hutaka psi 10 (takriban baa 0.7) kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika, injini ikiwa ya moto.

Na siku ya kuwasha, paka gia za pampu vaselini, toa plagi zote nne, piga stata mpaka taa izime. Ndipo urudishe plagi.