Poliakrilamidi kwenye maji ya bomba: maswali na majibu

Poliakrilamidi ni nini, na inatiwa kwenye maji kwa kazi gani?

Maji ya mto msimu wa mvua hubeba udongo laini ambao hata ukikaa kwenye ndoo usiku kucha hautulii. Chembe zake ni ndogo mno, tena zinasukumana. Mtamboni hutiwa kwanza shabu, ileile waliyotumia bibi zetu, ili chembe ziache kusukumana. Kisha baadhi ya mitambo huongeza poliakrilamidi kidogo sana. Hii ni minyororo mirefu ya molekuli inayonasa chembe nyingi kwa pamoja mpaka ziwe mabonge mazito ya kuzama upesi. Maji yaliyobaki juu hupita kwenye chujio la mchanga, halafu hutiwa klorini. Sehemu kubwa ya poliakrilamidi huishia kwenye tope.

Mbona watu wanasema inaleta saratani?

Wanayoiogopa hasa ni akrilamidi, kemikali ndogo ambayo ikiungwa maelfu kwa maelfu ndipo inapatikana poliakrilamidi. Mnyororo wenyewe ni mkubwa kiasi kwamba utumbo hauwezi kuufyonza. Ukiumeza, unatoka na choo. Akrilamidi ni habari nyingine. Inayeyuka kwa urahisi kwenye maji, inaingia mwilini kwa mdomo, kwa pumzi na hata kwa ngozi, na inaharibu mishipa ya fahamu. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kundi la 2A, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu, na uzito mkubwa wa uamuzi huo ulitokana na majaribio ya wanyama.

Kiwandani akrilamidi yote haiungiki. Kuna mabaki yanayojificha ndani ya unga wa poliakrilamidi, na usalama wa maji unategemea mabaki hayo.

Yanaruhusiwa kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 0.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Umoja wa Ulaya ni mkali zaidi: 0.1. Marekani wanafika kwenye 0.5 kwa hesabu: unga usiwe na akrilamidi zaidi ya asilimia 0.05, na usitiwe zaidi ya miligramu 1 kwa lita. Kwa kipimo hicho, kilo moja ya unga inatosha lita milioni moja, na ndani ya kilo hiyo akrilamidi haizidi nusu gramu.

Kupima kiasi kidogo hivyo kwenye maji kunahitaji mashine za gharama, ndiyo maana udhibiti hufanyika zaidi kwenye cheti cha unga na kwenye kipimo kinachotiwa. Kwa maoni yangu, mwananchi mwenye wasiwasi ana maswali mawili tu ya kuiuliza mamlaka yake ya maji: unga mnaonunua una cheti cha matumizi ya maji ya kunywa kinachotaja mabaki? Mnatia kiasi gani kwa lita? Unga wa viwandani, wa migodini kwa mfano, haufai kuingizwa hapa hata ukiwa wa bei poa.

Minyororo ikikatika huko mtoni au ardhini, hairudi kuwa akrilamidi?

Swali zuri, na limewashughulisha wanasayansi miaka mingi. Jua, klorini, na hata msukosuko wa pampu huikata minyororo. Lakini kwa kawaida kinachopatikana ni minyororo mifupi, si akrilamidi. Bakteria nao hubandua sehemu zenye nitrojeni pembeni na kuzila, huku uti wa mnyororo ukibaki. Wapo watafiti walioripoti akrilamidi kidogo ikitoka chini ya joto na mwanga, na wenzao wakawapinga.

Cha ajabu, yenye sumu ndiyo inayotoweka upesi. Kwenye udongo wenye hewa na vijidudu, akrilamidi huliwa ndani ya siku au wiki. Poliakrilamidi huoza polepole, miaka kwa miaka. Tope la mitambo ya majitaka, ambako pia hutumika, likimwagwa mashambani kila msimu, minyororo inazidi kurundikana. Ujerumani iliona hilo, ikaweka sharti kwamba minyororo ya namna hii inayopelekwa shambani iwe inaoza angalau asilimia 20 ndani ya miaka miwili.

Na samaki?

Inategemea aina ya poliakrilamidi. Yenye chaji chanya, inayopendwa kwenye majitaka, hunata kwenye mashavu ya samaki na kuwazuia kupumua. Yenye chaji hasi haina ukali huo.

Akrilamidi imewahi kudhuru watu kupitia maji?

Ndiyo, lakini haikutokana na kusafisha maji. Japani, miaka ya 1970, familia ya watu watano ilikunywa maji ya kisima kilichokuwa jirani na mahali palipozibwa nyufa kwa akrilamidi. Maji yalikutwa na miligramu 400 kwa lita, mara 800,000 ya kikomo cha sasa cha Shirika la Afya Duniani. Walichanganyikiwa na kuyumba wakitembea, kisha wakapona.

Mwaka 1997 huko Hallandsås, Sweden, wajenzi wa handaki la reli walitumia kizibo chenye akrilamidi. Kilivuja, samaki wakafa, ng'ombe wakapooza, wafanyakazi wakapata ganzi. Wapima damu walipotafuta watu wasioguswa na handaki ili walinganishe, wakakuta nao wana alama za akrilamidi kwenye damu. Ilikuwa inatoka wapi? Mwaka 2002 Sweden ikatangaza jibu: chakula cha wanga kilichokaangwa au kuokwa kwa moto mkali.

Umoja wa Ulaya unazitaka chipsi zisizidi takribani mikrogramu 500 kwa kilo. Sahani ya gramu 200 kwa kiwango hicho ina mikrogramu 100. Lita mbili za maji yaliyofika kikomo cha Shirika la Afya Duniani zina 1. Chipsi zitolewe zikiwa za dhahabu, zisiachwe mpaka ziwe kahawia.

Nikichemsha maji, itatoka?

Hapana. Akrilamidi hairuki na mvuke. Endelea kuchemsha kwa ajili ya vijidudu.

Naweza kununua unga huo nitulize maji ya tangi langu?

Usifanye hivyo. Nyumbani huna mizani ya kupima kiasi kidogo namna hiyo, na ukizidisha maji yanakuwa kama ute, na chujio linaziba. Tumia shabu, chuja, kisha tia klorini au chemsha.

Nafanya kazi mtamboni. Nijilinde vipi?

Vaa barakoa na glavu unapofungua mfuko. Unga ukimwagika, fagia ukiwa mkavu kabla ya kugusa maji: ukilowa, sakafu inateleza kuliko sabuni.