Je, wajua kwa nini askari aliyefunika uso hututia wasiwasi?

Ukisimamishwa na askari barabarani usiku, macho yako hufanya kazi tatu kabla hujaitikia salamu: huitazama sare, humtazama mwenyewe usoni, kisha hushuka kifuani kutafuta jina au namba. Sasa mvalishe askari huyo magwanda ya vitani, mfunike uso yabaki macho tu, mwondoe jina kifuani, kisha mshushe kutoka kwenye gari lisilo na namba za usajili. Bunduki anayo, pingu anazo na amri anatoa, lakini wewe huna njia ya kujua kama ni askari kweli au jambazi aliyejipatia mavazi. Wapo wanaosema kuwa asiye na hatia hana cha kuogopa, lakini hofu hii humpata hata asiye na hatia, na miongoni mwa walioitambua mapema ni serikali iliyounda polisi wa London.

Mwaka 1829, Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, alipoanzisha kikosi hicho, Waingereza wengi walikipinga wakidhani ni jeshi jingine linaloletwa kuwakandamiza. Kwa hiyo sare ilichaguliwa kwa uangalifu. Kwa kuwa wanajeshi walijulikana kwa koti jekundu, polisi walipewa koti la bluu na kofia ndefu kama walizovaa raia wa kawaida, na silaha yao ya kila siku ikawa rungu la mbao. Jambo la maana zaidi lilikuwa dogo kwa umbo: kwenye kola ya kila askari palikuwa na herufi ya kitengo chake na namba yake mwenyewe. Aliyeonewa hakuhitaji kumjua askari kwa jina. Alikariri herufi na namba, akaenda kushtaki.

Afrika Mashariki haikurithi polisi wa namna hiyo, kwa sababu vikosi vya wakoloni viliundwa kwanza kuwalinda watawala dhidi ya watawaliwa, na watu hawajasahau. Tanzania, herufi FFU za kikosi cha kutuliza ghasia zilipata tafsiri ya mtaani, “Fanya Fujo Uone”, ambayo kwa maneno matatu inaeleza vizuri raia anavyoisoma sare ile. Tunalo pia jina la zamani, askari kanzu, yaani mpelelezi aliyevaa kiraia. Huyo alijificha ili achunguze, na kazi yake ilihitaji hivyo. Kinachowasumbua watu leo ni askari anayejificha wakati wa kutumia nguvu hadharani, jambo ambalo ni tofauti kabisa.

Magwanda nayo yana ujumbe wake. Mabaka ya kijani na kahawia yalibuniwa ili mwanajeshi apotee vichakani, na mtu aliyeyavaa katikati ya jiji, kati ya maduka na matatu, hapotei popote; anaonekana zaidi. Kwa hiyo mavazi hayo hayamfichi, yanasema tu kwamba amekuja vitani, na raia aliye mbele yake huanza kujiuliza adui ni nani.

Je, mavazi humbadilisha pia anayeyavaa? Mwaka 1969 mwanasaikolojia Philip Zimbardo aliwavisha baadhi ya wanafunzi wa kike vifuniko vya kichwa na kuwaacha wengine na majina yao kifuani, kisha akawataka wamwadhibu mtu kwa umeme, ambao kwa kweli haukuwepo. Waliofunikwa walibonyeza kitufe kwa muda mrefu zaidi, takriban mara mbili. Lakini jaribio jingine la mwaka 1979 lilionyesha kuwa wasiotambulika waliovaa sare za wauguzi walikuwa wapole zaidi. Kumbe kutojulikana peke yake hakutoshi kumfanya mtu awe mkali; vazi nalo humwelekeza, ndiyo maana uso uliofunikwa pamoja na magwanda ni mchanganyiko wa kuutazama kwa makini.

Kenya imelipitia jambo hili kwa uchungu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka afisa aliye katika sare awe na jina au namba ya kazi mahali panapoonekana wazi. Hata hivyo, katika maandamano ya mwaka 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, walionekana watu wenye silaha wakiwa wamevaa kiraia na kufunika nyuso. Mwezi Agosti mwaka huo Mahakama Kuu ilizuia polisi wanaosimamia maandamano kuficha utambulisho wao. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, tume ya kitaifa ya haki za binadamu, KNCHR, ililalamika tena kuhusu maafisa waliofunika nyuso ndani ya magari yasiyotambulika.

Wanaotetea vifuniko husema askari akitambulika picha yake husambazwa mitandaoni, na familia yake huweza kufuatwa nyumbani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, ila namba ya kazi haimtaji mke wala mtaa anaoishi. Inamtaja tu kwa wakubwa wake na kwa wachunguzi. Bila hiyo, mlalamikaji anayefika katika mamlaka huru ya kuchunguza polisi, IPOA, akiulizwa ni afisa gani aliyempiga, hubaki na jibu moja tu, kwamba alikuwa mrefu na amefunika uso.