Jambia kwenye uso wa Rolex: ninavyoikagua saa ya zamani

Nikiletewa saa ya mkononi ya miaka ya 1950 hadi 1970, naanza na uso wake. Mashine na dhahabu vitasubiri. Mashine ikichakaa fundi ataisafisha, atabadilisha springi, na saa itatembea. Uso ukishapakwa rangi upya, hakuna awezaye kuurudisha ulivyotoka kiwandani. Ndiyo maana katika minada ya Geneva na New York sehemu kubwa ya bei imo kwenye kile kibati chembamba chenye namba.

Mfano ninaopenda kuutolea maelezo ni saa za Oman. Wasomaji wengi wa pwani wana jamaa Muscat, hasa wale ambao familia zao zilihamia huko kutoka Unguja na Pemba, kwa hiyo nembo ya taifa hilo, iliyochapwa kwenye uso wa baadhi ya saa hizi, si ngeni kwao: jambia juu ya panga mbili zilizopishana.

Sultan Qaboos bin Said alishika madaraka Julai 1970. Katika miaka iliyofuata ziliagizwa kwa niaba yake saa nyingi za Rolex, mara nyingi kupitia duka la Asprey la London, azitoe zawadi kwa maofisa, wageni na askari waliomtumikia. Miongoni mwa waliozipata walikuwamo Waingereza wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi lao, waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar, kusini mwa Oman. Kuna aina kadhaa za Rolex hizo: kuna Daytona za namba ya muundo 6263 na 6265, kuna Sea-Dweller 1665 za wazamiaji, kuna Day-Date za dhahabu. Nyingine zina jambia, nyingine saini ya Qaboos kwa maandishi ya Kiarabu.

Tone hilo la wino huipandisha bei Daytona mara kadhaa kuliko mwenzake wa mwaka uleule asiye na nembo. Hapo ndipo walaghai wanapoingia. Kwa nini mtu ahangaike kughushi saa nzima, wakati anaweza kuchukua Rolex halali na kuichapa jambia tu?

Nikiangalia kwa lenzi, natafuta mambo mawili. La kwanza ni uchapaji. Wino wa asili una kingo safi na umekaa juu ya vanishi kwa unene ulio sawa. Ncha ya jambia na mipini ya panga husomeka vizuri hata ukiikuza mara kumi. Uliochapwa baadaye mara nyingi huvuja kidogo pembeni, au hung'aa kuliko maandishi yanayouzunguka. Wino uliozeeka pamoja na uso wake hufanana nao.

La pili ni ile rangi ya kung'aa gizani, na hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu fizikia ni shahidi asiyehongeka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanda vilitumia radiamu, elementi yenye mionzi mikali. Kisha vikahamia kwenye tritiamu, yenye mionzi hafifu zaidi, na ndiyo maana utaona herufi T pembeni ya neno SWISS, chini kabisa karibu na namba 6. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushei. Saa ya 1975 imeshapita kipindi hicho mara nne, kwa hiyo imebakiwa na takriban sehemu moja kati ya 16 ya nguvu yake. Uso wa namna hiyo haupaswi kuwaka gizani usiku kucha. Imulike kwa taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, kisha uizime: rangi ya tritiamu hufifia mara moja. Ikiendelea kuwaka, rangi imetiwa upya au uso mzima umebadilishwa. Linganisha pia mishale na alama za saa. Zikiwa na rangi ya maziwa huku mishale ina rangi ya asali, uliza mishale ilitoka wapi.

Radiamu yenyewe haichezewi. Inaweza kuwa haing'ai tena kwa kuwa kemikali iliyokuwa ikiwaka imechoka, lakini mionzi ipo na itakuwapo kwa karne nyingi. Usiifungue saa hiyo jikoni, wala usikwangue unga wake.

Hata wakubwa hudanganywa. Novemba 2021, saa ya kampuni ya Omega, Speedmaster ya namba 2915-1, muundo wa 1957, iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Makadirio kabla ya mnada yalikuwa faranga 80,000 hadi 120,000. Kilichowavuta watu ni uso wake uliogeuka kahawia kwa miaka. Mwaka 2023 Omega, ambao ndio walioinunua, walitangaza kwamba ilikuwa imeungwa kwa vipuri vya saa tofauti, na kwamba watu waliokuwa wafanyakazi wao walihusika. Vipuri vyenyewe vilikuwa vya Omega kwa sehemu kubwa. Kwangu mimi kesi hiyo inaonyesha kwamba kuuliza “ni original?” hakutoshi, inabidi uulize kama sehemu hizi zilizaliwa pamoja.

Kuhusu kasha, yaani mwili wa nje wa saa, nitasema kwa ufupi: kila likipigwa msasa, kingo zake kali huliwa, na chuma kilicholiwa hakirudi. Mikwaruzo ya miaka hamsini haishushi thamani kama ving'arishio vya duka la mtaani vinavyoishusha.

Kwa hiyo kama babu yako alipewa saa yenye jambia, usiipeleke ikasafishwe uso. Mafundi wengi, wakiombwa kuifanya saa iwe mpya, hung'oa uso wa zamani na kuweka mwingine usio na nembo; kama jambo hilo limeshafanyika, rudi ukauulizie uso ule wa zamani. Tafuta boksi, risiti, barua iliyokuja na zawadi, na picha yoyote ambamo babu ameivaa. Rolex hawatoi hati ya kumbukumbu za kiwandani kama wanavyofanya watengenezaji wenzao Patek Philippe, hivyo picha ya 1976 yenye mkono wa babu na saa ikionekana vizuri ina uzito mkubwa mbele ya mnunuzi.